Chanjo ya Marburg Isingoje Mlipuko Mwingine Kagera

Wilayani Biharamulo, katika Mkoa wa Kagera, mwanamke mmoja alianza kuugua tarehe 9 Desemba 2024, akafariki dunia tarehe 16 ya mwezi huo huo. Wakati ule hapana aliyejua kwamba kifo hicho kilikuwa cha kwanza katika mfululizo. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba linashuku kuwapo kwa ugonjwa wa Marburg mkoani humo. Wizara ya Afya ikaeleza kuwa sampuli zilizokuwa zimekwisha kupimwa hazikuonyesha kirusi hicho. Siku sita baadaye, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika hilo, alitangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa. Upimaji ulikuwa umefanyika katika maabara ya kuhamishika ya Kabaile, huko huko Kagera, kisha ukahakikishwa Dar es Salaam. Mgonjwa wa mwisho alifariki tarehe 28 Januari, na tarehe 13 Machi 2025 mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha.

Hesabu ya mwisho ilikuwa watu 10. Wawili kati yao walithibitishwa kwa vipimo vya maabara. Wanane walihesabiwa kwa sababu ya dalili zao na uhusiano wao na wagonjwa wengine, kwani walikuwa wamekwisha kufa kabla mlipuko haujajulikana. Wote 10 walifariki.

Mwanafunzi wa hesabu aweza kuandika mara moja kwamba Marburg huua asilimia 100 ya wanaougua. Atakuwa amefanya hesabu sahihi na kufikia hitimisho lisilo sahihi. Mwezi Machi 2023 ugonjwa huo huo ulipotokea katika wilaya ya Bukoba Vijijini, kwenye kata za Maruku na Kanyangereko, watu 9 waliugua na 6 wakafa. Ng'ambo ya mto Kagera, nchini Rwanda, kati ya Septemba na Desemba 2024, watu 66 walithibitishwa kuugua na 15 wakafariki, yaani chini ya robo. Ugonjwa ni ule ule, na ukanda wa nchi ni ule ule. Idadi ndogo kama 10 au 9 haiwezi kubeba hitimisho zito, lakini tofauti moja haihitaji takwimu ili ionekane: huko Rwanda wagonjwa wengi walitambuliwa wangali hai, ambapo Biharamulo wanane kati ya 10 walitambuliwa wakiwa kaburini. Kingamwili, hata iwe bora namna gani, haichomwi katika maiti.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo hili. Mara nyingi husemwa kwamba tiba na chanjo za magonjwa mapya ni kazi ya maabara za nchi tajiri, na kwamba kazi ya wilaya kama Biharamulo na Ngara ni kungoja zitengenezwe. Fikra hiyo si sahihi, na matukio ya miaka ya karibuni katika Afrika Mashariki yanaonyesha kwa nini.

Mji wa Marburg na mzee Behring

Jina la ugonjwa huu latokana na mji mdogo wa Marburg nchini Ujerumani. Mwezi Agosti 1967 wafanyakazi wa kiwanda cha dawa mjini humo waliugua homa kali ya kutoka damu. Walikuwa wakishughulika na figo za tumbili walioletwa kutoka Uganda, ambazo seli zake zilitumika katika kazi ya kutengeneza chanjo ya polio. Wengine waliugua Frankfurt, na wengine Belgrade, katika nchi iliyoitwa Yugoslavia. Jumla walikuwa watu 31, na 7 kati yao walikufa.

Ni jambo la kustaajabisha kwamba kiwanda hicho, Behringwerke, kilianzishwa mwaka 1904 na Emil von Behring, mtu ambaye ndiye aliyeonyesha ulimwengu kwamba damu ya mnyama aliyepata kinga yaweza kumkinga mwingine. Mwaka 1890 Behring pamoja na Mjapani Shibasaburo Kitasato walieleza jinsi maji ya damu ya wanyama waliozoezwa sumu ya pepopunda au ya dondakoo yalivyowakinga wanyama wengine dhidi ya sumu hiyo. Kwa kazi ya dondakoo Behring alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya Tiba, mwaka 1901. Kwa hiyo ugonjwa ambao leo unatafutiwa tiba ya kingamwili ulijitokeza kwa mara ya kwanza katika nyumba aliyoijenga baba wa tiba yenyewe.

Kingamwili ni protini ambazo mwili huzitengeneza baada ya kukutana na kitu kigeni. Kila moja ina ncha zenye umbo maalumu linalolingana na sehemu fulani ya adui, kama ufunguo unavyolingana na kufuli yake. Kirusi cha Marburg kimefunikwa na miiba ya protini yenye sukari, na kwa miiba hiyo hujishikiza katika seli ya binadamu ili kuingia ndani. Kingamwili ikiwahi kushika pale penye kujishikiza, kirusi hubaki nje. Ndiyo maana dawa za kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya Ebola ya aina ya Zaire hazifai kitu kwa Marburg: virusi hivi viwili ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini kufuli zao si moja.

Kabla ya mwaka 1975 tiba ya namna hii ilikuwa mchanganyiko: kingamwili za kila aina zilizokuwamo katika damu ya mnyama au ya mtu aliyepona. Mwaka huo Georges Köhler na César Milstein, wakifanya kazi Cambridge, Uingereza, waligundua njia ya kupata kingamwili za aina moja tu, kutoka kizazi kimoja cha seli, kwa wingi usio na mwisho. Leo seli hizo hukuzwa katika mapipa makubwa ya chuma kama vile pombe inavyochachushwa, na kingamwili huchujwa kutoka katika maji yake.

Kinga hiyo ni ya kuazima. Humfaa mgonjwa saa ile ile anapotiwa dawa mshipani, lakini mwili wake haukujifunza kuitengeneza, na kiasi chake hupungua kwa nusu katika muda wa majuma matatu hivi, isipokuwa wataalamu wameibadilisha kidogo ili idumu zaidi. Chanjo ni kinyume chake: huchelewa kwa siku kadhaa, kwa sababu mwili hauna budi kujifunza, lakini kinachopatikana ni mali yake. Kwa mtu aliyemwosha marehemu jana chanjo pekee huenda ikachelewa. Kwa mwuguzi atakayeanza zamu kesho kutwa kingamwili pekee ni gharama isiyo na kipimo. Vyote viwili vinahitajiana.

Ughali wake wanafunzi wanaweza kuukisia wenyewe. Kingamwili iitwayo ansuvimab, inayotumika kwa Ebola, hutolewa miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Mtu wa kilo 60 huhitaji gramu 3 za protini safi kabisa. Dawa ya pili ya Ebola, ambayo ni mchanganyiko wa kingamwili tatu, huhitaji miligramu 150 kwa kilo, yaani gramu 9 kwa mtu huyo huyo. Vidonge vya malaria haviwezi kulinganishwa na jambo hili.

Damu ya Kikwit, pango la Uganda

Hiyo ansuvimab ina historia ambayo kila mwalimu wa baiolojia Afrika Mashariki angefaa kuisimulia. Mwaka 1995 Ebola iliua watu wapatao 250 katika mji wa Kikwit, Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule. Madaktari wa huko, wakiwa hawana dawa yoyote, waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliopona; 7 kati yao wakapona. Wataalamu wengi wa ng'ambo hawakusadiki, na kwa haki ya kisayansi walikuwa na sababu, kwani wagonjwa hao walikuwa wachache na hapakuwa na kundi la kulinganishia. Lakini Profesa Jean-Jacques Muyembe-Tamfum wa Kinshasa hakuliacha wazo hilo. Miaka 11 baada ya mlipuko, damu ya manusura wa Kikwit ilichukuliwa tena, na ndani yake zikakutwa seli ambazo bado zilikumbuka kirusi. Kutoka kwa manusura mmoja ikapatikana kingamwili moja, na hiyo ndiyo ansuvimab.

Ilijaribiwa kati ya mwaka 2018 na 2019 katika Kongo ya Mashariki, kwenye miji kama Beni na Butembo, katikati ya vita, pamoja na dawa nyingine tatu. Wagonjwa 681 waligawanywa kwa bahati nasibu. Dawa iliyotumainiwa zaidi kabla ya hapo, iitwayo ZMapp, ilifuatiwa na vifo vya nusu ya waliopewa. Ansuvimab na ule mchanganyiko wa kingamwili tatu vilifuatiwa na vifo vya theluthi moja hivi. Miongoni mwa waliofika wakiwa na virusi vichache mwilini, hizo mbili zilipunguza vifo hadi mtu mmoja kati ya kumi. Kila siku moja ya kuchelewa kufika hospitali iliongeza hatari ya kufa. Kama madaktari wangetegemea matumaini badala ya kulinganisha, wangeendelea kuwapa watu ZMapp hadi leo.

Kwa upande wa Marburg habari ni ya karibu zaidi na Kagera. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watalii wawili, mmoja Mholanzi na mwingine Mmarekani, kila mmoja kwa safari yake, waliingia katika pango lenye chatu na popo kwenye msitu wa Maramagambo, magharibi mwa Uganda. Wote wawili waliambukizwa Marburg. Mholanzi alifariki, Mmarekani alipona. Miaka kadhaa baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walipata katika damu ya aliyepona kingamwili zenye nguvu dhidi ya kirusi hicho. Moja ya hizo, baada ya kubadilishwa ili idumu zaidi mwilini, imekuwa dawa ya majaribio iitwayo MBP091. Nyani wa maabara waliopewa kingamwili hiyo pamoja na dawa ya remdesivir, siku ya sita baada ya kuambukizwa, walipona wanne kati ya kila watano.

Basi pango ni la Uganda, popo ni wa ukanda huu, na waliozikwa ni watu wa Durba, Ibanda, Maruku na Biharamulo. Lakini damu iliyotoa dawa ni ya mtalii. Hilo si kosa lake, na wala si kosa la wataalamu waliomwomba damu. Ni kwamba wao waliomba. Swali la haki la kuulizwa katika ukanda huu ni nani aliyeziomba seli za manusura wengine, na zimehifadhiwa wapi.

Chanjo iliyofika baada ya msiba

Juu ya chanjo, Uganda imetoa somo mara mbili, na tofauti kati ya mara ya kwanza na ya pili ndiyo hoja yenyewe. Mwezi Septemba 2022 Ebola ya aina ya Sudan, ambayo haina chanjo iliyoidhinishwa, ilizuka nchini humo. Watu 142 walithibitishwa kuugua, na 55 kati yao wakafariki. Chanjo za majaribio zilikuwapo duniani, lakini zilikuwa chache, mikataba haikuwa tayari, na andiko la majaribio lilikuwa bado linajadiliwa. Shehena ya kwanza ilifika Uganda tarehe 8 Desemba, wakati hapakuwa tena na mgonjwa mpya wa kuzungukwa na chanjo. Mlipuko ulikwisha, na swali la kama chanjo hizo zinafaa likabaki pale pale.

Zile dozi hazikurudishwa. Watafiti wa Uganda pamoja na Shirika la Afya Duniani walikamilisha andiko na kungoja. Tarehe 30 Januari 2025 ugonjwa huo ulipotangazwa tena Kampala, baada ya kifo cha mwuguzi mmoja, majaribio ya chanjo yalianza tarehe 3 Februari. Siku nne! Yalipewa jina la Kiswahili, Tokomeza. Hapakuwa na ugunduzi wowote mpya uliofanyika kati ya nyakati hizo mbili. Kilichobadilika ni kwamba karatasi zilikuwa zimetiwa sahihi na majokofu yalikuwa yamejaa.

Rwanda nayo haikukawia. Ilitangaza Marburg tarehe 27 Septemba 2024. Dozi 700 za kwanza za chanjo ya taasisi ya Sabin zilifika tarehe 5 Oktoba, na siku iliyofuata watu walianza kuchanjwa. Chanjo hiyo hutumia kirusi cha mafua ya sokwe kilichodhoofishwa, kikabebeshwa maelekezo ya kutengeneza ule mwiba wa Marburg tu, bila Marburg yenyewe. Ilikuwa imekwisha kupimwa usalama kwa watu wachache nchini Marekani, na tangu mwaka 2023 ilikuwa katika majaribio Uganda na Kenya. Zaidi ya watu 1,700 walichanjwa nchini Rwanda, wengi wao wafanyakazi wa afya, kwani hao ndio waliokuwa sehemu kubwa ya wagonjwa.

Hata hivyo, msomaji asikimbilie kusema kwamba chanjo na MBP091 ndizo zilizoiokoa Rwanda. Hesabu ndogo yatosha kumzuia. Vifo 15 kati ya wagonjwa 66 ni asilimia 23. Vifo 7 kati ya wagonjwa 31 wa Ulaya mwaka 1967 ni asilimia 23 vilevile, na mwaka 1967 hapakuwa na kingamwili, wala remdesivir, wala chanjo. Kulikuwa na hospitali nzuri, maji ya kutosha mishipani, na wauguzi. Wagonjwa wa Rwanda walipata hayo yote pamoja na dawa mpya, na wengi wao walikuwa wafanyakazi wa afya waliogunduliwa mapema. Kwa hiyo haiwezekani kupambanua ni kipi kilichowaponya. Hadi mwisho wa mwaka 2025 hapakuwa na chanjo wala tiba hata moja ya Marburg iliyoidhinishwa popote duniani, na sababu yake kubwa ni hiyo: ugonjwa huja ghafla, huua, na kuondoka kabla swali halijaulizwa kwa utaratibu.

Kinachotakiwa Ngara na Biharamulo

Wilaya hizi mbili hazifanani na kisiwa. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Nyakanazi, wilayani Biharamulo, ikaendelea hadi Ngara, na huko hugawanyika kwenda Rusumo kwa mpaka wa Rwanda na Kabanga kwa mpaka wa Burundi. Malori hupita usiku na mchana. Mwezi Aprili 1994 watu waliokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia mauaji. Popo walao matunda wanaoishi mapangoni, ambao ndio hifadhi ya kirusi cha Marburg, nao hawana mpaka. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huingia chini ya ardhi, na huko Kongo, katika mji wa Durba, kati ya mwaka 1998 na 2000, ni wachimbaji walioanza kuugua: watu 154 waliugua na 128 wakafa.

Kwa hiyo kungoja mlipuko wa tatu mkoani Kagera ndipo andiko la majaribio lianze kuandikwa ni kurudia kosa la mwaka 2022 kwa kujua. Andiko hilo lapasa kuwa limekwisha kupitiwa na kamati ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kabla hapajakuwa na mgonjwa; fomu ya ridhaa iwe imeandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, na wapo wa kuieleza kwa Kihangaza na Kishubi; na wauguzi wa Biharamulo na Ngara wawe wamefundishwa jinsi ya kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu na kuandika kumbukumbu huku wakiwa ndani ya mavazi ya kinga. Dozi chache za chanjo na za kingamwili ziwe nchini.

Yako mapingamizi, na si ya kudharauliwa. La kwanza ni fedha. Zahanati ambayo mara nyingine hukosa mipira ya mikono itaambiwaje juu ya kingamwili ya gramu kadhaa? Jibu ni kwamba sehemu ya kwanza ya matayarisho haya ndiyo hiyo mipira ya mikono. Marburg huanza kwa homa, maumivu ya kichwa na ya viungo, kuharisha na kutapika. Kwa siku za mwanzo haitofautiani na malaria au homa ya matumbo. Mganga wa zahanati hana macho ya kukiona kirusi. Alicho nacho ni mazoea ya kuuliza, kuosha mikono, kumtenga mgonjwa asiyeeleweka, na kupeleka sampuli mahali ambapo jibu litarudi kesho badala ya juma lijalo. Maabara ya Kabaile ilipata jibu mkoani. Hilo ni jambo la kujivunia, na lapaswa kuwa la kudumu. Bila upimaji wa haraka, chanjo iliyoko ghalani Dar es Salaam ni sawa na kwamba haipo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, ni haki kuwajaribia wanavijiji dawa isiyoidhinishwa? Wengi hukumbuka, kwa haki kabisa, kwamba Mwafrika amewahi kutumiwa kama kitu cha kujaribia. Lakini inafaa kulinganisha mambo yanayolingana. Mgonjwa wa Marburg hachagui kati ya dawa ya majaribio na dawa ya hakika, kwa kuwa ya hakika haipo. Huchagua kati ya dawa ya majaribio pamoja na uuguzi mwema, na uuguzi mwema peke yake. Uchaguzi huo ni wake, na ili uwe wake kweli yapasa aelezwe mapema, kijijini, na watu anaowaamini, akiwa mzima wa afya. Ridhaa inayoombwa kwa mtu mwenye homa kali, na mgeni aliyefunikwa uso, ni ridhaa dhaifu. Hiyo pia ni sababu ya kuanza kabla ya mlipuko.

Wapo pia wanaopendekeza njia ya mkato: popo wauawe. Uganda ilishuhudia matokeo yake. Baada ya wachimbaji kuugua katika mgodi wa Kitaka mwaka 2007, popo wa mgodi huo waliangamizwa. Walipochunguzwa awali, asilimia 5 hivi walikuwa na kirusi. Mwaka 2012 ugonjwa ulizuka upya katika wilaya ya Ibanda, kilometa 20 hivi kutoka hapo, na popo wapya waliokuwa wamehamia mgodini walipopimwa, asilimia 13 walikuwa nacho. Waliouawa ni wale waliokuwa wamekwisha kupata kinga; nafasi yao ilichukuliwa na vijana wasio na kinga. Ni kama kuwafukuza kijijini watu wote waliochanjwa. Kazi yenye faida zaidi ingekuwa kujua ni mapango gani ya Kagera yanakaliwa na popo hao, wanazaa miezi gani, na kirusi huongezeka lini, kwa sababu imeonekana Uganda kwamba popo wachanga wa miezi sita hivi ndio wabebaji wakubwa, na kwamba maambukizi mengi ya binadamu yameangukia majira hayo. Utafiti wa namna hiyo hauhitaji mitambo ya mabilioni. Unahitaji nyavu, mavazi ya kinga, na wanasayansi vijana wenye subira.

Tanzania inayo sababu ya pekee ya kutokubali kuwa mngojaji. Kirusi cha chikungunya kilipatikana kwa mara ya kwanza katika nyanda za Newala, baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953, na jina lake lenyewe ni la Kimakonde, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Ulimwengu mzima hutamka neno hilo la Kimakonde. Chanjo ya kwanza dhidi yake ilipata kibali Marekani mwezi Novemba 2023, miaka 70 baadaye, ugonjwa ulipokuwa umekwisha kuwa tishio kwa wasafiri; na mwezi Agosti 2025 kibali hicho kikasimamishwa kwa sababu ya madhara. Newala ilitoa kirusi na jina. Haikutoa chanjo, wala haikuipata.

Kwa Kagera bado kuna nafasi. Biharamulo haikuacha manusura, na kwa hiyo hakuna damu ya kuomba huko. Lakini kati ya watu 9 waliougua Bukoba Vijijini mwaka 2023, watatu walipona. Endapo wataridhia, na endapo utafiti utafanywa kwa haki na heshima zao kulindwa, seli zinazokumbuka Marburg zaweza kutafutwa katika damu yao na watafiti wa nchi hii. Manusura wa Kikwit walitoa damu miaka 11 baada ya kupona, na kumbukumbu ilikuwa ingalimo. Kwa kipimo hicho, Bukoba ina muda hadi mwaka 2034.